Hewa Kwenye Breki

Oili ya breki ikiwa mpya haina neno. Lakini ile iliyokwisha kufanya kazi, ikazunguka kwenye mipira ya breki na kuungua, ina harufu yake ya utamu uliochacha, kama mtu kamwaga sukari kwenye maji ya samaki. Juzi nilikuwa gereji, nimekaa juu ya tairi bovu nasubiri kagari kangu kabadilishwe pedi za mbele, fundi akaimwaga ile ya zamani kwenye kopo mbele ya miguu yangu. Nikajikuta nimesimama. Akaniuliza, vipi dada? Nikamwambia hakuna kitu, nimechoka tu kukaa. Uongo mtupu. Nilikuwa nimesharudi uani kwetu Bagamoyo, mtoto wa darasa la tatu, na geti limefungwa.

Mnaosoma haya na mna umri wangu mtaikumbuka lami ya kwenda Msata ilipokuwa bado inang'aa. Kabla yake, kwenda kwa Bibi Kiwangwa ilikuwa safari ya kufika na nywele nyekundu kwa vumbi. Ilipolazwa lami, watu wazima walichanganyikiwa kidogo. Huyu kanunua pikipiki, yule kafungua banda la mananasi barabarani. Baba yangu, muuza vitambaa, mtoto wa wauza vitambaa waliotoka Manga, Uarabuni, na majora yao, mtu aliyekuwa akienda msikitini na kurudi kwa mwendo wa bata, yeye akanunua gari la mbio.

Lilitoka Japani likiwa limeshatumika. Lilikuwa na milango miwili, rangi ya sufuria mpya, na lilikuwa chini kiasi kwamba mimi mtoto niliweza kuliona paa lake bila kuchuchumia. Siku alipolileta kutoka bandarini, kila tuta la Bunju, la Mapinga na la Kerege lililiparua tumbo. Baba alitusimulia wakati wa chakula, tena kwa furaha, kama mtu anayesimulia vita aliyoshinda. Alisema gari lile halina mchezo, ukikanyaga jiwe dogo unalisikia kwenye meno. Ila breki, akasema. Tangu Mapinga zilikuwa zinanuka, na kila akizikanyaga usukani unatetemeka mikononi. Diski zimepinda kwa moto. Kazi ndogo tu, atazifanya mwenyewe.

Hiyo kazi ndogo ilitufunga ndani ya nyumba.

Nieleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana wengine mmekulia kwenye nyumba za kisasa hamjui adha hii. Ilikuwa na milango miwili na kila mlango una watu wake. Mbele kulikuwa na duka, na nje ya duka baraza, na barazani wanaume wa mtaa mzima na kahawa yao tangu asubuhi mpaka jioni. Nyuma kulikuwa na ua wenye geti la bati, na hapo ndipo walipopita wanawake. Nyumba nyingine zilikuwa zimeshaacha mambo hayo siku nyingi. Kwetu alikuwapo Bimkubwa, mama yake Baba, na yeye alikuwa hajaacha kitu. Mke wa nyumba ile hapiti dukani wakati baraza imejaa. Hata mimi alikuwa ameshaniona mkubwa, eti msichana harandirandi mbele ya wanaume. Sisi tulikuwa watu wa geti.

Basi Baba aliliingiza gari uani, akafunga geti, kisha akalisukuma nyuma mpaka bampa likagusa bati, apate nafasi ya kufanyia kazi mbele na wezi wasiweze kusukuma geti kuingia. Geti lenyewe lilifungukia ndani. Akalipiga jeki, akaliweka juu ya matofali pande zote, akatoa tairi zote akazipanga ukutani. Bimkubwa alipouliza wanawake watapita wapi, Baba akamwambia ni siku mbili tatu tu. Mimi nilifurahi sana. Niliona kama tumepata mgeni.

Siku zikapita. Diski na pedi zilikuwa ziagizwe kwa binamu yake aliyekuwa Dubai, binamu naye akawa mtu wa kesho. Kufua tukawa tunafulia kwenye kipembe cha jikoni, kamba ya nguo ikapita juu ya gari, na ole wako tone la maji lidondoke kwenye boneti. Shoga zake Mama waliokuwa wakiingia kwa nyuma kuja kusukana wakaacha kuja. Sokoni akawa anaagiziwa. Likizo ilikuwa imeanza, kwa hiyo na mimi nikafungika pamoja naye, na joto lile, na harufu ile ya mafuta inayoingia hadi kwenye wali.

Na Bibi wa Kiwangwa, mama yake Mama, alikuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa kabla gari halijaja, lakini ugonjwa wa kutembea nao. Sasa Mjomba, kaka yake Mama, akaanza kupiga simu mara kwa mara. Miguu imevimba. Halali chali tena, analala kaegemea mito. Pumzi hazimtoshi. Mama akawa anapokea simu akiwa amesimama, kama mtu aliyeshika mkoba wa safari. Halafu anamwendea Baba.

Hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo, na msiniambie nisikasirike. Baba hakumkataza. Angemkataza, Mama angegombana naye, Bimkubwa angeingilia, wazee wangeitwa, yangekwisha. Yeye aliahidi. Alisema atampeleka mwenyewe, kwa gari lake, amfikishe kwao kwa heshima, si mtoto wa watu arudi kwao juu ya bodaboda kama ameachika. Avumilie kidogo, gari likipona tu. Mama angemjibu nini mtu anayemwahidi heshima? Akarudi jikoni. Kuna siku nilimkuta ameshika ukingo wa gari, kwenye pengo la tairi, anaangalia ndani kule kwenye vyuma, na machozi yanamtoka bila sauti.

Baba hakuwa mtu mbaya. Inanibidi niseme na hili. Alikuwa amelipenda gari lile kama watoto tunavyopenda kitu, na mimi ndiye niliyekuwa na muda wa kumsikiliza. Alinifundisha mambo ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Alisema watu husifia injini, lakini injini hata lori linayo. Gari la mbio ni vile vinavyolishika lisiruke. Akanionyesha chesisi yake kwa chini, namna ilivyokazwa isijipinde kwenye kona. Akanionyesha springi fupi ngumu zilizovishwa juu ya shokapu, nikazibana kwa mikono yote miwili, hazikubonyea hata kidogo. Kulikuwa na fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto, ili gari likikata kona lisilale upande mmoja. Akanishika kiganja akakibandika kwenye tairi, tairi pana, lenye ubavu mwembamba kama chapati. Panapogusa lami, akasema, ni hapa tu. Kiganja kimoja kila tairi. Gari zima limeshikwa na viganja vinne. Usiku ule nilikaa nikivitazama viganja vyangu.

Diski zilipofika hatimaye zilikuwa na matundu matundu, na Baba akanieleza ni ya kutolea moto. Kalipa zilikuwa nyekundu, kila moja ina pistoni nne za kuibana diski. Alizifunga kwa siku nyingi kuliko alivyosema, anatazama video kwenye simu, anasimamisha, anarudi chini ya gari. Na alipomaliza kuzifunga akakanyaga breki, ikazama mpaka chini kama amekanyaga mto. Akaja kutuambia jikoni, uso umemshuka, kwamba imeingia hewa. Kumbe kwenye ile mipira inatakiwa oili tupu, na kukiingia hewa kidogo tu breki inakufa. Itabidi hewa itolewe. Bado kidogo.

Nami nikaelewa kila kitu. Nawaapia, nilielewa kwa akili zangu zote. Bibi amepungukiwa hewa. Gari limeingia hewa isiyo yake. Mama aliniambia gari likipona ndiyo tutakwenda kwa Bibi, Baba aliniambia Bibi yako anasubiri gari tu. Wote wawili walikuwa wakubwa na hawakuniambia uongo. Kwa hiyo hewa ya Bibi ilikuwa mle ndani ya gari letu, na Baba alikuwa anaitafuta. Ndiyo maana alikuwa hataki tuondoke. Nilimsamehe kila kitu. Mama alipokuwa ananuna nilimwonea haya kwa kutojua kwake.

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, waliowahi kuiona wanajua. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga breki na kuishikilia. Mwingine yuko chini, kwenye tairi, analegeza nati moja ndogo yenye mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa. Oili inatoka pamoja na mapovu. Anakaza, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla hajakaza, unavuta hewa ndani upya, na kazi yote imekwenda na maji. Baba hakutaka kumwita mwanamume uani. Akamwita Mama.

Mama hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile. Hakuwa na leseni wala hakuna aliyewahi kumfundisha. Kiti chenyewe kilikuwa kimechimbika, ukikaa kinakubana mbavu, na mbele yake palikuwa na usukani, saa za mwendo, na kioo cha mbele kinachotazama mlango wa jikoni. Akakaa pale na kanga yake ya nyumbani, simu ameiweka kwenye dashibodi, gari halina tairi hata moja, akawa anaamrishwa kutokea chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Halafu kimya, halafu, achia. Tena kanyaga. Asubuhi nzima. Mimi nilichuchumaa kwenye chupa. Mapovu yalikuwa yanakuja madogo madogo kwenye ule mpira, yanapanda kwenye oili, yanapasuka. Kila moja nililisindikiza kwa moyo mpaka Kiwangwa. Nilifikiri, hilo ameshalipata, sasa amelala vizuri. Uso wa Mama ulikuwa umekauka, lakini nilijua akitoka pale tutamkuta Bibi amekaa kitandani anamenya nanasi.

Adhuhuri ilikuwa imepita tulipofika kalipa ya mwisho. Mama amekanyaga, Baba amelegeza nati, simu ikalia. Mama akaipokea kwa mkono mmoja bila kuondoa mguu. Ua ulikuwa kimya, nikamsikia Mjomba vizuri kabisa.

"Anakuulizia wewe tu. Kama unakuja, njoo sasa hivi."

Mama akaiweka simu mapajani. Alitazama mbele, kwenye kioo, kama kuna barabara.

"Baba Nasra, naachia."

"Usiachie. Sijakaza."

"Nimekwambia naachia."

Akaachia. Nilikuwa nimeikazia macho chupa, nikaona oili inarudi nyuma kwenye mpira na povu moja kubwa linaifuata, linapanda, linaingia kwenye gari. Baba alipiga kelele kule chini. Mimi sikupiga kelele. Mama alikuwa ameshatoka, kiti kiko wazi, nikarukia ndani, nikajishusha mpaka mgongo ukalala kwenye kiti, nikaweka miguu yote miwili kwenye breki na kukanyaga. Ikazama mpaka chini. Nikashikilia.

Niliinua shingo, na kupitia kioo cha mbele niliona yote. Mama anaelekea kwenye ukumbi unaotokea dukani, kwenye baraza iliyojaa wanaume, na kanga yake kifuani, mikono ina mafuta. Bimkubwa akatokea mlangoni akamzuia. Nilijua sasa atarudishwa, na nilitaka arudishwe, aje akae mahali pake akanyage. Bimkubwa alimtazama tangu juu hadi chini. Kisha akavua buibui lake mwenyewe, lile alilotoka kulivaa kwa swala, akamvisha Mama kichwani kama anamvisha mtoto, akalivuta mbele likakaa sawa.

"Pita," akasema. "Mama mzazi hangoji gari."

Mama akapita dukani. Kelele za barazani zikakatika ghafla, nikasikia bodaboda inawashwa, ikaondoka.

Baba alikuwa ametoka chini ya gari na spana mkononi. Alifika hadi ukumbini, akasimama mbele ya mama yake, mikono imejaa oili asijue aiweke wapi. Walizungumza kwa sauti ya chini, sikuyasikia. Najua tu kwamba Baba ndiye aliyeinamisha kichwa. Akarudi uani, akakaza ile nati kwa mazoea, akakaa juu ya tairi moja.  Halafu akaniona.

Aliniambia nitoke garini. Nikamwambia sitoki. Akadhani nacheza, akapandisha sauti, akasema nimesema achia hiyo breki. Nikaanza kulia, lakini sikuachia.

"Nikiachia, hewa ya Bibi itarudi ndani ya gari."

 Akaja karibu, akachutama mlangoni.

"Hewa gani? Nani kakwambia maneno hayo?"

"Wewe."

Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu mzima ukifanya vile. Alijaribu kunieleza. Alisema hewa ya breki ni hewa tu, hii hii ya uani, haina mwenyewe, na Bibi ana ugonjwa wake na Mama ameshakwenda. Alinieleza kwa upole, kwa sauti ile ile aliyonifundishia viganja vya tairi, na mimi sikumwamini. Ningemwaminije? Alikuwa ameshatuambia siku mbili tatu. Alikuwa ametuambia bado kidogo. Nikamwambia kaa na wewe, tumsubiri Mama.

Akakaa. Chini kabisa, kwenye sakafu yenye mafuta, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa gari lake, hakwenda dukani. Wateja waliita, Bimkubwa akawajibu huko huko. Alituletea maji, akaninywesha yangu kwa mkono wake kwa sababu sikutaka kujisogeza, wala hakutuuliza kitu. Kile kiti kilinibana mbavu, kanga iliyokuwa kwenye kamba ikawa inapita na kurudi juu ya kioo. Miguu iliuma, kisha ikaacha kuuma, kisha sikuisikia tena. Adhana ya alasiri ikapigwa. Mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Baba anasikia adhana na hainuki. Alikuwa anaitazama simu.

Ilipolia aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Alisikiliza. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, polepole, akasikiliza tena kwa muda mrefu, akasema ndiyo, akasema nisamehe, Mama Nasra, akasema ndiyo. Kisha akanigeukia, akaniambia kila kitu, hakunificha. Mama alimkuta hai. Bibi alimtambua kwa sauti kabla hajafumbua macho. Alimuuliza habari zangu, kama nimeota meno ya mbele. Mama alimnywesha maji kwa kijiko, akamwegemeza kifuani kwake, wakazungumza mambo yao. Akafia pale pale, kifuani kwa mtoto wake.

Nikaangalia chini ya usukani. Miguu yangu ilikuwa pale pale, yote miwili, na breki imezama hadi mwisho.

"Lakini mimi sikuachia, Baba."

 Aliiweka simu sakafuni, akainama ndani ya gari, akaushika mguu wangu mmoja kwa mikono yake yenye oili akauondoa, kisha wa pili, na breki ikapanda yenyewe.